Bon Iver hakuzaliwa kibandani

Wengi husema Bon Iver, bendi ya Mmarekani Justin Vernon, ilianza naye akiwa peke yake kwenye kibanda msituni. La, kaka, hakuanzia huko. Vernon alishapiga muziki miaka na bendi za kwao Eau Claire, Wisconsin, ya mwisho ikiwa DeYarmond Edison. Walihamia Raleigh, North Carolina, wakavunjika 2006. Ndipo akarudi Wisconsin, akajifungia kwenye kibanda cha babake na kurekodi albamu ya kwanza ya Bon Iver, "For Emma, Forever Ago". Aliitoa mwenyewe 2007, kampuni ya rekodi ya Jagjaguwar wakaichukua 2008. Wenzake watatu wa DeYarmond Edison ndio waliounda bendi ya Megafaun.

Mimi hupiga gitaa hotelini huku Nyali, na nyimbo zake nimezichambua sana. Tafuta "Epoch", mkusanyo wa nyimbo za DeYarmond Edison uliotoka 2023: mle Vernon mara nyingi anaimba kwa sauti nzito! Ile nyembamba ya juu aliishika baadaye.