Usiichomeke Bado: Majibu kwa Wanaofufua Kompyuta za Kale

Maswali yamerundikana, na karibu nusu yake yametoka kwa watu waliokwisha kuiwasha mashine ndipo wakauliza. Nao nitawajibu. Naanza na aliyeuliza kwanza.

Fundi, mjomba ameniachia Commodore 64 ndani ya boksi lake. Haijawashwa tangu miaka ya tisini. Nikiichomeka nione tu kama inawaka, kuna ubaya?

Upo. Kompyuta yenyewe huenda ni nzima kabisa. Ninayoihofia ni adapta, lile tofali zito lililofungwa kwenye waya. Ndani yake mna kidhibiti cha volti 5, na adapta nyingi zilimwagiwa gundi ngumu kiwandani, kwa hiyo joto halipati pa kutokea na fundi hapati pa kuingilia. Ubaya wa kidhibiti hicho ni kwamba kikichoka hakizimi. Kinaachia volti zipande. Chipu za kumbukumbu zilizozoea volti 5 zinapigwa na zaidi ya hapo, zinakufa kabla hujaona hata herufi moja kwenye skrini. Mashine iliyosalimika miaka 30 juu ya kabati inauawa na adapta yake mwenyewe.

Kama una mita ya kupimia umeme, pima adapta peke yake bila kuiunganisha na kompyuta. Ikisoma juu ya 5.25, safari yake imekwisha. Ikisoma 5 kamili, bado usiiamini, maana inaweza kuwa na adabu ikiwa baridi na kuasi ikipata moto. Mimi siku hizi sihangaiki nazo: natafuta adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya C64, ile ya zamani nairudisha kwenye boksi na kuibandika karatasi ya "usitumie", asije mwingine akadanganyika.

BBC Micro yangu imewaka vizuri kama dakika kumi, kisha ukatoka moshi wenye harufu isiyoelezeka. Ajabu ni kwamba bado inafanya kazi! Niendelee kuitumia?

Zima, chomoa, fungua madirisha. Kilichopasuka ni kapasita (kipuri kidogo kinachohifadhi chaji) inayochuja kelele za umeme pale unapoingilia, mara nyingi ile yenye ganda la rangi ya asali ambayo mafundi huiita Rifa. Ganda lake hupata nyufa kwa uzee, karatasi iliyo ndani inanyonya unyevu, na siku ikipewa umeme inachemka na kupasuka. Kwa kuwa kazi yake ni kuchuja tu, kompyuta inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Badilisha kwa kapasita mpya ya daraja la X2 yenye thamani ileile, na uzing'oe zote za aina hiyo hata zile ambazo bado zimetulia. Pawa saplai hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Kama hujawahi kufungua, mpe fundi aliyezoea.

IBM PC ya mwanzo, ile ya 1981. Nikiwasha, feni inastuka mara moja na kusimama. Pawa saplai imekufa?

Pengine sivyo. Huenda inajikinga. Kwenye bodi na kadi za mashine hizo kuna kapasita ndogo za tantalamu zenye umbo la tone la maji, nazo hupenda kupiga shoti kwenye njia ya volti 12. Chomoa kadi zote, urudishe moja moja huku ukijaribu. Ikikataa hata bila kadi, tatizo liko kwenye bodi yenyewe. Wakati mwingine mhalifu hujitaja kwa kuwaka moto mdogo, kwa hiyo usiweke uso karibu.

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameacha maboksi mawili ya flopi, zile kubwa laini za inchi 5.25 na ndogo za inchi 3.5. Tunaamini mna maandishi yake. Nimenunua kisomaji cha USB. Chache zimefunguka, nyingine kompyuta inasema nizifomati kwanza. Nifanyeje?

Marahaba, na poleni kwa msiba. Ukiambiwa ufomati, kataa kila mara. Kompyuta haisemi kwamba diski ni tupu. Inasema haiielewi, na suluhisho pekee inalolijua ni kuifuta.

Visomaji vya USB vinaelewa diski za PC za inchi 3.5 tu, za kilobaiti 720 na za megabaiti 1.44. Zile kubwa haziingii kabisa. Na hata ndogo si zote za ukoo mmoja: diski za Macintosh za mwanzo, za kilobaiti 400 na 800, ziliandikwa na kiendeshi (kile kifaa kinachosoma na kuandika flopi) kilichokuwa kikibadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa kinavyosogea, na diski za Amiga za kilobaiti 880 zina mpangilio wake. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: baba alikuwa akitumia kompyuta gani?

Kabla ya kuingiza chochote popote, zuia diski zisiandikike. Za inchi 3.5, sukuma kile kijifuniko mpaka tundu libaki wazi. Za inchi 5.25 ni kinyume chake: zina pengo ubavuni, na unalinda diski kwa kuliziba kwa utepe. Rudia kusoma sentensi hizo mbili. Mtu akichanganya hapo, ndipo anapofuta urithi wake kwa mkono wake.

Kisha ikague kila diski chini ya taa kupitia uwazi wake, ukiizungusha polepole. Ukiona madoa meupe kama unga, huo ni ukungu. Itenge. Ukiingiza diski yenye ukungu, kichwa cha kusomea kinachafuka, kinaikwaruza hiyo, halafu kinaenda kuikwaruza inayofuata. Husafishwa kwa isopropili alkoholi na kitambaa kisichoacha nyuzi, ikaachwa ikauke kabisa, na kichwa nacho husafishwa baada ya kila diski inayotiliwa shaka. Ni kazi ya kuchosha, sikufichi.

Sasa kifaa chenyewe. Tafuta Greaseweazle, bodi ndogo inayokaa kati ya kiendeshi halisi cha flopi na kompyuta yako ya leo. Haiulizi diski ina mafaili gani. Inarekodi mageuko ya sumaku jinsi yalivyo, njia kwa njia, na kazi ya kufasiri inafanyika baadaye kwenye rekodi. KryoFlux nayo inafanya vivyo hivyo, na Applesauce ni hasa ya diski za Apple. Faida yake utaiona kwenye diski mbovu, kwani tabaka la kahawia linalobeba data likianza kubanduka, unaweza kupata nafasi moja tu ya kusoma. Nafasi hiyo ikitumiwa kujaribu "kufungua faili" imepotea. Ikitumiwa kurekodi, utajaribu kufasiri hata mara mia na diski imelala salama kwenye boksi.

Jambo la mwisho, maana najua litakustua. Kama baba aliandika kwa WordStar, programu ya kuandikia ya enzi hizo, ukifungua faili lake kwa programu ya leo utaona maneno mengi yakiishia kwa alama ya ajabu. Halijaharibika. WordStar ilikuwa ikiwasha biti ya juu kabisa kwenye herufi ya mwisho ya neno kwa ajili ya kupanga mistari. Programu ndogo ya kuizima biti hiyo inarudisha maandishi kama alivyoyaandika.

Nimefungua Amiga 500 Plus nikakuta uchafu wa kijani na bluu kwenye bodi. Nisugue?

Kwanza ng'oa betri. Hiyo ya pipa dogo ni ya nikeli na kadimiamu, ilifungwa kiwandani, na ikivuja inakula njia za shaba na miguu ya chipu. Kilichovuja ni alkali, ndiyo maana siki nyeupe hukituliza: pakaa kidogo kwa mswaki, suuza kwa maji safi, kisha alkoholi, acha ikauke. Ukitaka kuweka betri ya sarafu badala yake, weka na dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu), kwa sababu bodi itajaribu kuichaji na betri hiyo haichajiki.

Wenye Macintosh za zamani msijione mmesalimika. Nyingi zina betri ya lithiamu ya volti 3.6, nayo ikipasuka inamwaga tindikali, kwa hiyo siki haisaidii kitu. Fungueni leo, itoeni hata kama bado inapima vizuri. Nyingi zitasahau tu saa, tarehe na mipangilio michache.

Ganda la kompyuta yangu limekuwa la njano kama meno ya mvutaji. Linarudi kuwa jeupe?

Linarudi, kwa haidrojeni peroksidi na mwanga wa jua. Unjano huo hulaumiwa zaidi kemikali za bromini zilizochanganywa kwenye plastiki ili isishike moto. Lakini hurudi tena baada ya muda, na ukipaka vibaya unapata mabaka ambayo ni mabaya kuliko unjano wenyewe. Mimi zangu naziosha kwa sabuni na kuziacha na umri wao.

Programu za zamani nazipata wapi bila kuiba?

Kampuni kufungwa hakufuti hakimiliki. Mara nyingi kuna mtu aliyeinunua. Ile lugha ya "programu iliyotelekezwa" ni ya wakusanyaji, mahakama haiijui. Hata hivyo vya halali ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Microsoft imeachia msimbo chanzo (maandishi ya programu jinsi waandishi walivyoyaandika) wa MS-DOS, mfumo endeshi wa PC za zamani, matoleo ya 1.25 na 2.0, na mwaka 2024 ikaongeza 4.00, zote kwa leseni huru. Makumbusho ya Computer History Museum, Marekani, yana msimbo wa MacPaint (programu ya kuchorea), wa Photoshop ya kwanza na, tangu 2023, wa kompyuta ya Apple Lisa. FreeDOS, iliyoanza 1994, inaendesha programu nyingi za DOS na ni ya bure. Vitabu vya maelekezo na michoro ya bodi, tafuta kwenye tovuti ya Bitsavers. Internet Archive ina maelfu ya programu zinazoendeshwa ndani ya kivinjari, ila hakimiliki za baadhi yake bado ni kitendawili.

Ninayoipenda kuliko zote ni VisiCalc. Dan Bricklin, aliyeibuni pamoja na Bob Frankston, ameiweka kwenye tovuti yake ile ya IBM PC ya 1981, uichukue bure. Lahajedwali zima (programu ya hesabu za safu na mistari kama Excel), lililowafanya wafanyabiashara wanunue kompyuta, lina kilobaiti 28 hivi. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Nifungue skrini ya chogo niisafishe ndani?

Hapana. Mna maelfu ya volti, na huweza kubaki baada ya kuchomolewa.

Kaseti za programu za kompyuta yangu ya ZX Spectrum: nusu zinapakia, nusu zinakwama katikati. Zimekufa?

Usizihukumu mapema. Mara nyingi kosa ni la kicheza kaseti: kichwa chake hakilingani na cha kile kilichorekodi. Karibu na kichwa kuna skrubu ndogo. Cheza kaseti kwa sauti, uizungushe kidogo kidogo mpaka mlio uwe mkali na usio na ukungu. Hapo rekodi kwenye kompyuta kama faili la WAV. Usitumie MP3, maana inatupa sehemu za sauti ambazo Spectrum inazihitaji. Zima pia kipunguza mikwaruzo. Kisha cheza faili hilo kutoka kwenye simu hadi tundu la EAR la Spectrum, sauti karibu na mwisho. Ikikwama palepale, punguza kidogo ujaribu tena. Na skrubu usiizungushe kwa kaseti inayopakia vizuri. Kila kaseti ina mpangilio wake, kwa hiyo rekodi kwanza zile zinazokubali.