Mshale Kucheza Si Kupima Mwanga

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata kamera ya filamu, Zorki 4, ambayo haina kipimamwanga ndani. Natafuta kipimo kidogo cha kubeba mfukoni au kuweka juu ya kamera. Muuzaji mmoja ana cha zamani cha seleni kisichotaka betri, na amenihakikishia ni kizima kwa sababu mshale unacheza vizuri akikielekeza kwenye taa. Mwingine ananishauri cha kisasa cha kupachika juu ya kamera. Rafiki yangu anasema simu inatosha. Kipi ni sahihi zaidi?

JIBU: Marahaba. Hayo maneno "mshale unacheza" nayasikia karibu kila wiki, na nikiyasikia najua baada ya muda kuna mtu ataniletea negativu zake akiuliza kamera ina ugonjwa gani. Kamera haina ugonjwa. Tuanze na huo mshale, mengine tutayamaliza haraka.

Seli ya seleni ikipigwa na mwanga huzalisha umeme yenyewe, ndiyo maana haitaki betri. Umeme huo mdogo ndio unaosukuma mshale. Hata seli iliyobakiwa na nusu ya nguvu zake itausogeza ukiielekeza kwenye taa. Mzani mbovu nao ukiuwekea mfuko wa unga hushuka. La kujua ni kama umeshuka kwenye kilo za kweli. Alichokuonyesha muuzaji ni kwamba waya haujakatika, basi.

Adui mkubwa wa seli hizi ni unyevu. Hupenya pembeni, hula tabaka jembamba la juu na pale waya unapogusana na seli, na kukaa miaka yote gizani ndani ya mkoba wa ngozi hakuzuii jambo hilo. Ubaya ni kwamba seli haichoki kwa usawa. Tazama ukubwa wa kazi yenyewe: jua kali, kwa ISO 100 (namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga), ni EV 15 (EV ni namba ya ukubwa wa mwanga), yaani tundu la lenzi f/16 kwa kasi ya 1/125 ya sekunde. Sebule yenye taa usiku huwa karibu na EV 5. Hizo ni stopu 10, kila stopu ikiwa ni mwanga mara mbili, na mwanga wa kwanza ni mara 1,024 ya ule wa pili. Mshale mmoja mfupi unatakiwa useme kweli safari nzima. Seli iliyochoka inaweza kukaribia ukweli juani kisha ikakosea stopu mbili ndani ya nyumba, na ndani ndiko unakokihitaji kipimo. Juani ungejiweza hata bila kipimo: weka f/16 na kasi iliyo karibu na namba ya ISO ya filamu yako.

Jaribio la kweli halimalizi dakika kumi ukishapata mwanga wa kila aina. Azima kamera ya dijitali, tafuta ukuta usio na marembo, uliopata mwanga sawa kila mahali, uujaze kwenye vipimo vyote viwili kwa ISO ileile. Fanya hivyo juani, kivulini, ndani karibu na dirisha, na usiku chini ya taa. Kile cha zamani kikikosea stopu moja, na ikawa ni stopu moja hiyohiyo mara zote nne, kichukue bila wasiwasi. Kama kinaona mwanga pungufu, kidanganye kwa kukiwekea ISO mara mbili ya ile ya filamu, uendelee na kazi zako. Lakini kikikosea moja juani na mbili na nusu chini ya taa, hakuna ISO itakayokiokoa.

Hapa ndipo waganga wa vipimo wanapojitokeza. Yuko atakayekwambia ukianike juani siku tatu ili seli "iamke". Seli iliyoliwa na unyevu haiamki, hubadilishwa. Mwingine, na huyu ndiye anayenikera hasa, huchukua bisibisi akageuza ile skrubu ndogo ya sifuri mpaka mshale ukubaliane na simu yake, palepale mezani. Skrubu ile kazi yake ni moja tu: kuulaza mshale kwenye sifuri seli ikiwa imefunikwa kabisa. Ukiigeuza ili upate jibu zuri kwenye mwanga mmoja, umeharibu majibu ya mianga mingine yote. Niliwahi kuletewa kipimo cha aina hiyo, kina na kikaratasi kuwa kimesawazishwa. Nilipokiziba kwa kidole gumba, mshale ulisimama katikati ya namba. Gizani kilikuwa kinaona mwanga!

Na usikimbilie vile vya betri vya miaka ya 1960 ukidhani umeokoka. Vingi vina seli ya salfaidi ya kadimi na vilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo imeondolewa madukani kwa sababu ya sumu yake. Betri ya alkalini huingia kwenye tundu lilelile, na mshale, kama kawaida yake, hucheza. Ila betri hiyo huanza na volti 1.5 kisha hushuka kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa la leo silo la mwezi ujao. Betri ndogo za vifaa vya kusaidia kusikia ziko karibu zaidi, kama volti 1.4, lakini ukishabandua kibandiko chake hufa baada ya wiki kadhaa hata usipopiga picha moja. Tena seli za namna hii zina kumbukumbu: zikishatazama jua, ukiingia ndani huchukua muda kabla ya kutulia. Mtu asiyelijua hilo hupima mara moja, akaamini.

Sasa Zorki yako. Nunua kipya chenye seli ya silikoni. Ukipenda cha kukaa juu ya kamera, cha Voigtländer kinafaa, na vile vidogo vya TTArtisan pia. Kijaribishe kwenye kamera kabla hujalipa, maana gurudumu la kasi la Zorki huliinua ndipo ukaligeuza, nalo huzunguka shata (pazia linalofunguka kuipa filamu mwanga) inapofyatuka. Kipimo kipana kinaweza kuligusa. Mimi kwa upande wangu ningechukua cha mkononi chenye kikuba cheupe, kama Sekonic L-208. Kinatumia betri ya CR2032, na ukitaka kinapachikwa juu ya kamera vilevile.

Sababu yangu si usahihi. Umeuliza kipi ni sahihi zaidi, na vyote hivi vipya, hata programu nzuri ya simu, vina usahihi wa kutosha kwa shata ya miaka zaidi ya 50, ambayo ukiiweka 1/500 huenda inafanya 1/300. Desimali kwenye kioo cha kipimo ni pambo. Kinachoharibu picha ni kwamba kipimo kinachosoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hakijui kinatazama nini. Chochote utakachokionyesha, kinadhani ni kijivu cha wastani. Mtu wa shati jeupe akisimama mbele ya ukuta mweupe, kitakuamuru upunguze mwanga kama stopu mbili. Ukuta utatoka rangi ya majivu na uso utazama. Ukikijaza uso mweusi, kitakuamuru uongeze, na uso utatoka umepauka kama uliopakwa unga. Kipimo hakijaharibika. Kimejibu swali ambalo hukukusudia kuliuliza.

Kikuba cheupe huondoa mkanganyiko huo kwa sababu hupima mwanga unaomwangukia mtu. Unasimama alipo yeye, kikuba kikitazama kamera, na rangi ya nguo au ya ngozi haiingii kwenye hesabu. Ukiwa na kipimo kisicho na kikuba, au simu, kipime kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule aliomo mtu wako, kisha ongeza stopu moja. Viganja havitofautiani rangi kama nyuso, hata kati ya watu weusi na weupe. Kwa hiyo rafiki yako hajakosea: simu inatosha kuanzia, mradi ujue nayo ina upofu huohuo. Na anza na filamu ya negativu, ambayo husamehe mwanga uliozidi stopu mbili hivi ingawa haisamehi sana uliopungua. Filamu ya slaidi hukukamata kwa nusu stopu.

Kile cha seleni mwachie mwenyewe. Na hili nawaambia wote wanaoandika kuniuliza kuhusu vipimo "vilivyofanyiwa ukarabati", viwe vya seleni, vya betri, au vile vilivyomo ndani ya kamera zenyewe: usiulize kama kinafanya kazi, maana jibu huwa ndiyo siku zote. Muulize muuzaji kilisoma EV ngapi juani, ngapi kivulini na ngapi chini ya taa, na kililinganishwa na nini. Mwombe akizibe seli kwa kidole mbele yako, uone mshale unalala wapi. Aliyefanya kazi hiyo kweli anazo namba zake mahali zimeandikwa, wala hatachukia kuulizwa. Akiinuka tena kukielekeza kwenye taa, muage.