Maswali yenu: uji wa marudio na silinda zake

Nasikia mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu wanajaza vyumba walivyokwisha kuchimba kwa uji wa marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa na kutolewa dhahabu. Uji utabebaje mlima? (Msomaji, Kahama)

Haubebi mlima, ndugu yangu. Kazi yake ni kusimama wenyewe pale chumba cha jirani kinapochimbwa na ubavu wake kubaki wazi. Ni marudio ya mtamboni, maji na saruji asilimia chache tu, kwa hiyo mara nyingi nguvu ya nusu megapaskali (kipimo cha mgandamizo) inatosha. Zege la nguzo ya nyumba hufika 25. Silinda ya sampuli ya uji ulioganda, ya kipenyo cha milimita 50 na nguvu ya nusu megapaskali, hupasuka kwa uzito wa kilo 100 hivi. Mpishi wetu wa kambini angeimaliza kwa kuikanyaga.

Zege la nyumba tunalipima siku ya 28 tukamaliza. Mbona silinda za uji mnaendelea kuzivunja hadi siku ya 90?

Kwa sababu ya pairaiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo kwenye marudio. Marudio yenye salfa nyingi hutengeneza salfeti, nayo huila saruji polepole. Silinda inapendeza siku ya 28, kisha inaanza kurudi nyuma.

Silinda za maabara zinafaulu, zinazotoka mgodini zinafeli. Nani mwongo? (Fundi sampuli, Geita)

Kabla ya kumlaumu mtu, uliza maji. Bomba likianza kuziba, kuna mkono huongeza maji kimyakimya, na koni ya kupimia wepesi wa uji ndiyo huusema: uji uliotakiwa kushuka sentimita 18 unashuka 25. Halafu fuata safari ya silinda yenyewe. Nimewahi kuzikuta nyuma ya pikapu, juani, bila kifuniko, zimeachia kingo. Zinataka unyevu na joto linalokaribiana na la chini mgodini. Na vichwa vyake visawazishwe. Kikiwa na kibonge, mashine inavunja kibonge, wewe unaandika nguvu ya silinda.

Silinda zikifaulu, ukuta wa kuzuia uji mlangoni mwa chumba nao uko salama?

Hapana! Silinda ya siku 28 haijui lolote kuhusu saa sita za mwanzo, uji ukiwa bado unasukuma kama maji. Juni 2000, mgodi wa Bronzewing, Australia Magharibi, ukuta wa namna hiyo ulipasuka na wachimbaji watatu wakafa. Pale walijaza mchanga wenye maji. Weka vipima shinikizo nyuma ya ukuta, mwaga kwa awamu, na silinda za siku ya kwanza na ya tatu zivunjwe pia. Uji unaoganda ukiwa na nguvu chini ya kilopaskali 100 (sehemu ya kumi ya megapaskali), mtikisiko wa baruti unaweza kuurudisha kuwa majimaji.