Kwa mliobatizwa Mkesha wa Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo, wanangu. Jumatano iliyopita niliwasikiliza kwenye jumuiya, kundi letu dogo la sala la mtaani. Mlisoma vizuri, mkashirikishana Neno hadi machozi, kisha mlipofika hatua ya sita, kati ya zile saba za kushirikishana Injili, mkajadili rangi ya sare mpaka giza likaingia. Kila mwaka wapya hufanya hivyohivyo, nami nawapenda mno, siwezi kunyamaza.

1. Msiiruke hatua ya sita. Hapo ndipo tunapoulizana: tufanye nini, nani aende, lini? Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapolala na kutafuta riziki. Jimbo letu la Malindi, lililotengwa na Mombasa mwaka 2000, linafika hadi Lamu na Tana River. Padri hawezi kuwa kila kigango, yaani kila kanisa dogo la parokia, kila Jumapili, ila ninyi mko mtaani kila siku.

Tulikuwa na ndugu aliyepata kandarasi za kuezeka makuti kwenye nyumba za wageni. Mtu mkarimu, sauti nzuri, hakosi jumuiya. Tulikuwa tunajiandaa kwa Jumapili ya 25 ya Mwaka A wa masomo ya Misa, Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, na yeye ndiye aliyeshirikisha kwa uzito kuliko sote. Hatua ya sita tukakubaliana kununua viti vya kigango. Akaahidi kutoa nusu ya gharama, tukampigia makofi. Nje, chini ya mwembe, alikaa kijana wa Ganda aliyekuwa akimfanyia kazi. Hakuwa amelipwa msimu mzima, na simu zake hazipokelewi. Sote tulimpita tukiingia. Mama mwenye nyumba alimpelekea chai. Hakuna aliyemuuliza anamngoja nani. Mathayo 20, mstari wa nane, tulikuwa tumeusoma kwa sauti muda mfupi tu kabla: jioni ilipofika, mwenye shamba aliagiza wafanyakazi waitwe walipwe ujira wao. Jioni ilikuwa imefika, mfanyakazi yuko uani, sisi tunahesabu viti!

Habari tulizipata baadaye, mke wa kijana aliposhikwa na uchungu usiku na majirani zao Waislamu wakachanga nauli ya kumfikisha hospitali. Wale majirani hawakutulaumu, na hilo liliuma zaidi. Watatu wetu tukaenda kwa yule ndugu. Alikasirika, akahamia jumuiya nyingine, lakini alilipa, kidogo kidogo, hadi shilingi ya mwisho. Katekisimu inautaja ujira ulionyimwa kibarua pamoja na damu ya Abeli, kati ya dhambi zinazomlilia Mungu. Viti bado tunavikalia.

2. Ukiungama kwamba umempunja mtu, mrudishie chake. Ondoleo la dhambi halifuti deni. Wenye tuktuk, hili nalisema kwenu. Rozari inaning'inia kwenye kioo, mgeni anashuka uwanja wa ndege, na nauli inapanda mara tatu. Mtozeni kama mnavyomtoza mama anayetoka sokoni.

3. Jirani akikualika kufuturu, nenda. Akiwa na msiba, fika mapema ukabebe maji.

4. Kufunga. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu ni mlo mmoja kamili kwa wenye miaka 18 hadi 59, na nyama haliwi kuanzia miaka 14. Hayo mliyakariri kwa katekista. Sasa, wanangu, tuko Malindi! Ijumaa Kuu nilipita nyumba moja nikasikia harufu ya samaki kolekole wa kupaka hadi barabarani, nazi nzito, ndimu, kila kitu, na mwenyeji akaniambia kwa furaha kwamba hajagusa nyama. Sheria hakuivunja, lakini karamu ile ingetosha arusi. Pikeni maharage. Bei ya kolekole itieni kwenye bahasha ya Kampeni ya Kwaresima, na muipeleke parokiani kabla haijakopwa.