Nyanya, leso nyekundu na picha isiyo na rangi

Picha ya kwanza ya nyeusi na nyeupe niliyompiga nyanya yangu haikumwonyesha. Alikuwa shambani kwake Mwakirunge, kajitanda leso nyekundu katikati ya mihogo, na kwenye kioo cha kamera alikuwa anawaka. Nilipoiondoa rangi, wekundu wa leso na ukijani wa majani vikawa kijivu kimoja. Nikaisafisha na kumpelekea. Akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akauliza: "Mjukuu wangu, mimi ni wapi hapa?"

Tangu hapo, kabla ya kupiga hufumba macho nusu mpaka rangi zififie, nitazame penye mwanga na penye giza. Mtu akilingana na kilicho nyuma yake, msogeze, au jisogeze wewe. Na mavazi yana kazi yake. Leso ya kisutu hutoka vizuri kwa sababu ndani ya wekundu wake mna weusi na weupe; yenye pindo zito pia hutoka, na jina lake likasomeka.

Piga kwa rangi, uitoe baadaye. Programu nyingi za kurekebishia picha hukuwezesha kuangaza au kutia giza kila rangi peke yake: shusha buluu, anga likolee na mawingu yajitokeze; pandisha kijani, uone makuti yakitengana na vigogo vya minazi. Wapiga picha wa filamu walilipata anga hilo kwa kufunga kioo cha manjano au chekundu mbele ya lenzi.

Adui mkubwa wa sura huku kwetu ni jua la mchana. Mombasa iko kama digrii 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo saa sita jua huwa karibu na utosini na macho ya mtu huwa mashimo mawili meusi. Mimi hupiga kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, kisha hungoja saa kumi na moja jioni. Miezi ya kusi, mawingu yakitanda, unaweza kupiga wakati wowote.

Sasa hili, nalisema kwa uchungu, maana nimeona sura nyingi za watu wetu zikiharibiwa. Kamera hukadiria mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, itapunguza mwanga kwa ajili ya ukuta, na uso uwe mkaa. Kwenye simu, gusa uso kisha urekebishe mwanga kwa kidole. Mlango wenye giza nyuma yake huleta kinyume: hapo punguza, la sivyo ngozi itapauka.

Mara ya pili nilimkuta nyanya mlangoni akikuna nazi. Nikamwamkia, nikaketi, nikasaidia kuchuja tui. Kamera ilibaki mkobani karibu saa nzima. Nilipomwomba ruhusa alikuwa ameshanisahau kama mpiga picha. Akaendelea kukuna, mwanga wa ubavuni ukipita juu ya mikono yake, kila mshipa ukionekana, na nazi nyeupe ikidondoka kwenye sinia.

Nilipiga nne tu. Moja nimeisafisha kwa karatasi, naye ameiweka sandukuni pamoja na picha ya babu aliyopigwa studio mjini, kazifunga zote mbili kwa leso kuukuu.