Maji peke yake hayatoshi kulinda figo

Umeuliza kama kunywa maji mengi kunatosha kulinda figo. Ndugu yangu, maji yanasaidia, lakini vinavyoharibu figo za watu wengi zaidi ni kisukari na presha ya juu isiyodhibitiwa. Pima vyote viwili hata kama hujisikii vibaya. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Ninachokuomba sana: acha mazoea ya kumeza ibuprofeni au diklofenaki kila mwili ukiuma. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hatari huzidi ukiwa umepungukiwa maji mwilini. Figo huharibika kimyakimya, kwa hiyo omba upimwe kreatinini (taka ya mwili ambayo figo huichuja) kwenye damu na protini kwenye mkojo.