Chokoleti ikikushikia mabonge usiitupe, ngoja kwanza nikupe ya kwangu

Wiki iliyopita usiku nimepata meseji ya msomaji, kaniandikia saa tano na nusu, "dada nimeharibu chokoleti yote, imekuwa kama udongo wa kufinyangia, sikukuu keshokutwa, nitupe?" na picha kaweka. Jamani ile picha nimeiangalia tumbo likanikata, wala sio kwa kumcheka, ni vile hilo bakuli nalijua. Nimeshalilia bakuli kama hilo, nimesimama jikoni peke yangu usiku wa manane nakoroga kitu kisichokorogeka huku machozi yanadondokea humohumo, na kumbe hata hayo machozi yalikuwa yanazidi kuiharibu. Utaelewa mbele.

Nikamjibu fasta asitupe, nikamwelekeza cha kufanya, akaokoa. Lakini nikajua wako wengi, maana kila sikukuu ikikaribia watu tunapata wazimu wa kutengeneza zawadi wenyewe, tunaona picha mtandaoni tunasema aah hii si kuyeyusha tu na kugandisha. Ndio, ni kuyeyusha tu na kugandisha. Ndo hapo sasa.

Mi nilianza miaka mitatu iliyopita, na kosa langu la kwanza halikuwa hata jikoni, lilikuwa mdomoni. Niliandika kwenye grupu la familia kwamba mwaka huu zawadi zote natengeneza kwa mkono wangu, pipi za chokoleti, kila nyumba boksi moja. Watu wakajibu kwa makofi na mioyo. Wifi yangu mmoja akaandika "tunasubiri tuone" na kale kakikaragosi kanakojishika kidevu. Nikajiambia utaona.

Nikanunua chokoleti nzuri nyeusi, nikachemsha maji kwenye sufuria, juu nikaweka bakuli, chokoleti ndani. Mpaka hapo nilikuwa sawa kabisa. Sasa nikaona inachelewa kuyeyuka, na mi mtu wa haraka, nikasema nifunike na mfuniko ishike joto kama ninavyofunika wali. We! Mvuke ukapanda, ukagonga mfuniko, ukageuka maji, yakadondoka ndani tone tone. Nilipofunua ilikuwa bado inang'aa, nikakoroga mara tatu nne hivi ikakaza ghafla, ikawa mabonge, imekauka, ina chengachenga. Nikadhani nimeuziwa feki. Nikaongeza moto. Ikaungua. Nikatupa yote, na mwaka ule watu wakapata biskuti za dukani kwenye maboksi niliyokuwa nimeyafunga riboni kwa mbwembwe.

Kilichotokea ni hiki. Chokoleti ni kitu kikavu, usidanganywe na ulaini wake ikiyeyuka, ule ulaini ni mafuta ya kakao, wengine wanaita siagi ya kakao, na ndani ya hayo mafuta kuna chembe ndogo sana za sukari na za kakao zinaelea. Ukiingia unyevu kidogo tu sukari inalowa, inanata, chembe zinashikana zenyewe kwa zenyewe na mafuta yanasukumwa pembeni. Fikiria bakuli la sukari umelitia kijiko kibichi, si unaona inavyofanya madonge? Ndo hiyohiyo. Na cha ajabu maji kidogo yanaharibu lakini maji mengi yanaokoa. Ikishakushikia mabonge, ongeza maji ya moto au maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga kwa nguvu, itarudi kuwa laini. Haitaganda tena ikawa ngumu ya kuvunjika, hilo sahau, lakini unapata mchuzi mzuri wa chokoleti wa kumwagia keki, au wa kukoroga na maziwa ukanywa. Yule msomaji wangu alifanya hivyo, kaniambia watoto wake wameramba mpaka kijiko. Mi mwaka ule hakukuwa na mtu wa kuniambia. Nilitupa kitu kilichokuwa bado ni chakula.

Kwa hiyo la kwanza, kila kitu kiwe kikavu. Bakuli kavu, kijiko kikavu, mikono mikavu. Mwiko wa mbao achana nao, mbao inanyonya maji hata ukiufuta, halafu ule mwiko wako tunaujua umekaangia vitunguu na chokoleti inadaka harufu kuliko unavyofikiri. Maji ya sufuria yawe kidogo, bakuli lisiyaguse, yakishachemka we zima moto uache mvuke ufanye kazi. Wenye maikrowevu punguzeni nguvu iwe nusu, sekunde 30 toa koroga, 15 toa koroga, hata kama unaona bado haijayeyuka, maana inadanganya, inabaki na umbo lake huku ndani imeshalainika. Na usifunike. Nimesema usifunike.

Mwaka wa pili. Hapa ndo penyewe.

Mwaka wa pili nilikuwa mjanja, kila kitu kikavu, nikayeyusha vizuri, nikamimina kwenye vifinyango vya moyo na nyota, nikaweka friji, zikaganda, nikazitoa nikazipanga, nikalala nimefurahi. Nikazipeleka sikukuu yenyewe nyumbani kwa mama mkwe, watu wamejaa, nikafungua boksi mbele za watu kwa sababu nilitaka kusifiwa, sitaki kudanganya. Juu zote zina weupe. Mabaka na michirizi kama vumbi la chaki. Wifi kainama, kaokota moja kwa ncha za vidole, kaigeuza, akasema kwa sauti ya kusikika sebule nzima "hizi si zimeota ukungu?" Halafu akawaambia watoto wake, "msile hizo, zitawaumiza matumbo." Watoto waliokuwa wameshanyoosha mikono wakairudisha. Hakuna aliyesema kitu. Mama mkwe, Mungu ampe afya, alichukua moja akala, akasema tamu, lakini alisema kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa.

Nilirudi na boksi langu limejaa. Usiku nikazila mwenyewe chumbani, nane kama sio tisa, na zilikuwa tamu kweli. Ndo kilichoniuma zaidi.

Sasa nisikilize, ule weupe sio ukungu, na kama kuna mtu alishawahi kukuaibisha kwa hilo mwonyeshe hapa. Mafuta ya kakao yakiwa yanaganda yanajipanga kwa namna sita tofauti, na katika hizo sita ni moja tu, ya tano, ndo inatoa chokoleti inayong'aa, inayovunjika kwa mlio, isiyoyeyuka haraka mkononi. Hiyo ya tano inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na mwili wa mtu una nyuzi 37, ndo maana mkononi inavumilia kidogo lakini ukiitia mdomoni inaachia yenyewe. Ukiyeyusha chokoleti ukaiacha igande inavyojisikia, mafuta yanajipanga ovyo, baadaye yanatambaa kuja juu, unaona weupe. Inaliwa bila shida yoyote. Kuna na weupe mwingine unaotokana na friji, unyevu ukitua juu ya chokoleti unalowesha sukari, ukikauka sukari inabaki juu kama mchangamchanga, huo ukipapasa unausikia. Na huo pia unaliwa. Mi nadhani yangu yalikuwa yote mawili kwa mpigo.

Dawa yake watu wa fani wanaita kutempa, na isikutishe. Katakata chokoleti yako ndogondogo, theluthi moja weka pembeni. Theluthi mbili yeyusha, nyeusi ifike nyuzi 45 mpaka 50, toa kwenye joto, ndo unaingiza ile theluthi kidogo kidogo huku unakoroga mpaka ishuke kama 28, halafu unairudisha kwenye joto kidogo tu ifike 31 au 32, isizidi hapo. Ya maziwa inaishia 29 au 30. Chovya ncha ya kisu, weka pembeni dakika tano hivi, ikikauka inang'aa umeshinda. Bila themomita ya jikoni mi siwezi kukudanganya, wapo wanaopima kwa kugusisha mdomo wa chini, mi nilijaribu nikaishia kuila.

Lakini we umekuja hapa kutafuta kitu rahisi, sio? Basi kwepa kutempa kabisa. Soma nyuma ya pakiti, ukiona imeandikwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, hiyo inayeyushwa na kugandishwa hivyohivyo bila hesabu zote hizo, ladha yake iko chini kidogo lakini kwa kuchovya karanga nani atajua. Au tengeneza pipi laini, maana laini haihitaji kung'aa. Hii ndo iliyonitoa kimasomaso mwaka huu: chokoleti nyeusi gramu 400, maziwa mazito matamu kopo moja la kama gramu 397, siagi kijiko cha chakula, vanila kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole. Vyote isipokuwa vanila kwenye sufuria nzito, moto mdogo mdogo mdogo, koroga bila kuondoka, usijibu simu, ikilainika zima, tia vanila. Mimina kwenye chombo cha sentimita 20 ulichotandika karatasi ya kuokea, ukitaka nyunyizia karanga juu, friji masaa mawili au matatu, kata kwa kisu ulichokichovya maji ya moto UKAKIFUTA. Kwisha habari.

Zile za mviringo za krimu nazo hazina shida, chokoleti gramu 200 kwa krimu mililita 100, krimu ipate moto ianze kutoa vipovu pembeni, mwagia juu ya chokoleti uliyokatakata, usiguse dakika mbili tatu, koroga kuanzia katikati. Friji, viringisha, unga wa kakao. Hizo zina krimu kwa hiyo zikae friji kwenye chombo kilichofungwa, zisizidi kama wiki moja. Na ukigawa vitu vyenye karanga waambie watu, kuna wanaodhurika nazo, tena mbwa wa nyumbani asipewe chokoleti hata akikuangalia vipi, kwake ni sumu.

Mwaka huu sikutangaza popote. Nilifanya jaribio mara mbili kabla ya sikukuu, nikala makosa yangu mwenyewe, ndo nikatengeneza za kupeleka. Sikufungua boksi mimi, niliweka mezani nikaenda kusaidia kuosha vyombo. Niliporudi zimebaki nne. NNE. Na wifi namwona kabisa anakunja kitu kwenye tishu anakitia kwenye mkoba, akaniona namwona, akasema "za watoto." Watoto wenyewe walikuwa nje wana midomo ya kahawia mpaka masikioni.

Jamani tujifunze kutowacheka watu wanaoanza. Unapomwambia mtu kazi yake imeota ukungu mbele ya ukumbi mzima hujui kalala saa ngapi kwa ajili hiyo, hujui katumia hela gani, na mara nyingi hata hujui unachokiongelea, umeona weupe tu ukaropoka. Ukiwa na ujuzi mpe mwenzako, ujuzi haupungui ukiugawa. Ukiwa huna, kula moja useme asante, kama mama mkwe. Na we unayeanza usifanye kwa ajili ya kumwonyesha mtu, mi nilifanya hivyo nikaumia mara mbili, fanya kwa sababu unapenda, kinyongo weka chini, samehe, hasa kipindi hiki cha sikukuu, moyo wenye kinyongo hauwezi kukoroga kitu kikalainika.

Jana asubuhi wifi kaniandikia pembeni, sio kwenye grupu: "Wifi naomba resipi ya zile pipi, watoto wananisumbua." Nimeisoma, tiki za bluu kaziona. Ntamjibu tu, ila jana nilikuwa na mambo mengi, na leo pia.